Unaniuliza Nasoma Nini

Unaniuliza, Ndahani, nasoma nini siku hizi.
Nasoma unga kwanza.
Kitabu kikiingia hapa mashineni Mpunguzi
wiki haiishi kimeota mvi hadi mgongoni,
na kila nikifungua ukurasa sharti nipulize
kama mtu anayewasha jiko.

Ile riwaya nene uliyompa kondakta wa basi la Singida,
ya mpelelezi mwenye mguu mmoja mfupi,
nimefika sura ya tisa. Usiniambie.
Nimeshamshuku mpishi, nimeshamwomba radhi mpishi,
sasa namshuku daktari kwa kuwa ananawa mikono mno.
Mama Sechelela akileta uwele wake hasalimii tena,
anauliza, "Wamemkamata?"
Nami napaza sauti juu ya mkanda na injini,
"Bado! Kakimbilia Tanga!"
na foleni nzima ya ndoo inaguna.
Yupo mzee mmoja wa Nkulabi
alisagisha debe lile lile mara mbili
ili asikie mwisho wa sura.
Unga ukatoka laini kama poda ya mtoto.
Alisema ugali wake haukushikika, ila haidhuru.

Nyingine naisoma kwa kificho, usiku, kwa taa ya simu.
Unaijua: yenye jalada la waridi, uliyonichekea.
Hii ni mara ya tano.
Ukurasa wa mia na kumi na mbili
yule mwanamke anafunga sanduku, anaondoka,
na mimi kila mara nafika pale kwa kunyata
kama anayemkaribia ndege,
labda safari hii atasahau kitu, atarudi,
labda kufuli litagoma.
Halijagoma.
Makufuli ya vitabuni hayana kutu.
Haya, cheka.

Lakini umeuliza pia ninachokirudia.
Hicho hukuwahi kukiona. Ni cha baba.
Hadithi yenyewe imenitoka: kuna bwana harusi,
kuna mvua, mvua nyingi, ambayo ingetutosha huku miaka mitatu.
Mimi nakifungulia nyuma, kwenye karatasi tupu
aliyoigeuza daftari mwaka wa njaa.

*Chilongani, madebe mawili, mtama.*
*Mjane wa Mlugu, debe moja. Atalipa mbuzi.*
*Mwaluko, nusu debe. Tena nusu. Tena nusu.*
*Mwalimu, pishi tatu. Mkewe asijue.*

Huyo mwalimu peke yake ameninyima usingizi mara ngapi!
Pishi tatu alizila wapi? Alimpelekea nani?
Na Mwaluko, zile nusu zake,
alikuwa anaona haya kuomba zima
au alikuwa na mfuko mdogo?
Chini kabisa, kwa wino ule ule,
kana kwamba nami nilitoka ghalani kwa mkopo:
*Nyemo. Kazaliwa Jumanne, alfajiri.*

Kisha mstari.

Mama hakujua a wala be.
Siku ya arobaini ya baba aliokota kaa jikoni,
akakishika kitabu miguu juu,
akavuta mstari mmoja toka pembe hadi pembe.
Hakusema neno. Wadeni walikuwa uani, wanakula.
Ukapita juu ya Chilongani, juu ya mbuzi wa mjane,
juu ya zile nusu tatu, juu ya siri ya mwalimu,
na kwa kuwa mkono wake haukujua pa kusimama
ukapita na juu yangu.

Zamani nilikuwa naufuata kwa kidole.
Kidole kikawa kinarudi cheusi, kidogo tu,
nikaona nitaumaliza.
Sasa nausoma kwa macho, jioni, injini imezimwa,
na mikono nimenawa mno, kama yule daktari.

Wewe je? Uko ukurasa wa ngapi?
Kondakta anapita Alhamisi.
Nitumie kingine, Ndahani. Chenye mvua.