Neno la Moto, Amukura

Miaka mitatu tulihesabu maua.
Zambarau, mazuri, laana ya shamba.
Mimi Ekisa na kalamu yangu ya risasi,
goti moja kwenye tope, kamba ya mita kumi:
shina hili, magugu kumi na manne,
shina lile, ishirini na moja.
Kila Ijumaa takwimu zilipanda kichuguu
nyuma ya zahanati, mahali pekee penye mtandao,
zikaenda Njoro, na kutoka Njoro zikaenda Uholanzi.

Udongo nao ulisafiri.
Tuliuanika Alupe, tukauchekecha,
kila mfuko na namba yake,
hakuna mfuko uliokuwa na jina.
Huko kwa Maarten kulikuwa na mashine
iliyoona mbegu ndogo kuliko vumbi la unga.
Akatuandikia: kijiko kimoja, mbegu mia tatu.
Cherotich wa Njoro akachora ramani,
kaunti nzima ikawa nyekundu kama jicho bovu.
Tulijua mengi.
Mahindi yaliendelea kufa.

Mwaka wa nne akaja Ladidi, kutoka Zaria.
Viatu vyake vilinasa topeni, akavivua,
akavishika mkononi, akamuuliza Mama Amoit
swali ambalo fomu zetu hazikulitengea kisanduku:
"Ninyi gugu hili mnaliitaje?"

Vitabu vyasema kiduha.
Majirani zetu Wajaluo husema kayongo.
Mama akafuta jasho. "Emoto."
"Kwetu," akasema Ladidi, "ni wuta-wuta. Moto, moto."
Nami, mkalimani wa kulipwa kwa siku,
nikateleza. Sikio langu la Kiswahili
lilisikia moto ndani ya emoto,
ingawa mimi Mteso najua haumo.
Nikamwambia Mama: "Kwao pia linaitwa moto."

Kosa. Nakiri.
Ila Mama hakunisahihisha. Alicheka,
kisha akaacha kucheka.
"Basi wanajua kwamba huunguza kabla halijaonekana."
Akatuongoza hadi kwenye mahindi ya wiki tatu,
pasipo na ua hata moja,
akakunja jani kwa vidole viwili,
asubuhi, udongo ungali na umande.
"Jani zima hukwaruza. Hili limelegea
kama sikio la mbuzi. Limekwisha kuliwa."
Nikafukua. Mizizini, vichwa vyeupe
vimeng'ang'ania, kama meno ya utotoni.

Ladidi akaketi pale pale, na sketi yake safi.
"Mama yangu hukunja mtama hivi hivi," akasema.
"Nami nilikwenda chuoni ili nisikunje tena."

Usiku huo Njoro ilifuta safu ya maua kwenye fomu.
Maarten akauliza, kwa adabu, jani hukunjwaje.
Nilipanda kichuguu na tochi, nikapiga picha vidole vyangu;
picha ikachukua dakika arobaini kuondoka.

Sitasema tulishinda.
Viwanja kumi na viwili, tuking'oa mapema:
saba vilitoa magunia,
vitano vilitoa hasira.
Vya Zaria vilimalizwa na ukame.
Makala yalitoka na majina tisa,
na chini kabisa, kwenye shukrani, "Bi. Amoti".
Niliandika kulalamika. Kimya.
Nikaandika tena. Mara ya tatu
Cherotich aliandika pamoja nami, na Ladidi,
na jina likapanda, likawa la nne,
herufi zake zote mahali pake.

Nikampelekea karatasi. Kiingereza hasomi.
Aliitazama kama picha ya arusi ya mtu wa mbali,
akaikunja polepole, kwa vidole viwili,
akaitia ndani ya kopo la mbegu.
Kisha akayatazama mawingu upande wa Elgon:
"Na kule kwa yule binti,
mvua imenyesha?"