Jina Langu ni Mashavu

Siku ya kwanza nilipuliza filimbi.
Chuo kilinipa cheti, hakikunipa macho.
Nikasimama katikati ya uwanja, Isevya, saa mbili na nusu,
nikapuliza hadi mbwa wa jirani akaitika,
hadi muuza asali akashika breki za baiskeli barabarani.
Watoto kumi na tisa wakaendelea kunipa visogo.

Mmoja akageuka. Nyanzobe, darasa la nne.
Akanitazama kama mtu anayemtazama chura.
Akajaza hewa mashavuni,
akayabonyeza kwa vidole viwili,
hewa ikatoka.
Wenzake wakacheka kwa sauti zao zote,
sauti ambazo hakuna aliyewahi kuzifundisha adabu.

Kwenye daftari la mahudhurio mimi ni Mwalimu Lugusha.
Kwenye mikono yao mimi ni Mashavu.

Nilianza upya, mimi niliyefuzu.
Nikajifunza kulipa jua uso wangu, wao walipe mgongo,
maana anayeangazwa machoni hasomi mkono.
Nikajifunza kunyamaza, yaani kutuliza vidole,
mpira ukiwa hewani:
jicho ni moja tu kwa kazi mbili.
Mistari minyoofu ya paredi nikaifuta,
tukawa duara, kila mkono mbele ya kila jicho.

Kashindye homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio,
ikamchukulia na mizani ya mwili.
Akifumba macho, dunia inampindukia.
Tukachora kamba mchangani, akaipita.
Tukapanga matofali.
Tukalaza ubao wa dawati bovu juu ya matofali,
naye akapita ameshika kidole changu kidogo,
wiki, wiki mbili, mwezi wa Ramadhani wote.
Alhamisi moja nilinyoosha kidole
kikabaki peke yake hewani.
Yeye alikwishafika ng'ambo,
ameinama anafunga kamba ya kiatu
kana kwamba hakuna kilichotokea.

Filimbi sasa inaning'inia na funguo ya stoo.
Wa kuanzisha mbio ni kipande cha kitenge cha njano.

Mashindano ya kata, wasichana, mita mia.
Mwanzishaji ni Mwalimu Kaombwe na mbao zake mbili.
*Pah!*
Wenzake wanaondoka na mlio;
Nyanzobe anaondoka na kisigino cha jirani,
maana kisigino ndicho alichokuwa akikisikiliza.
Wa sita kati ya sita.

Nikampelekea Kaombwe kitenge changu.
"Sheria haisemi kitambaa," akaniambia.
"Haisemi mbao pia."
Akafyonza. Jua lilikuwa kali, watu wanataka soda,
kwenye fainali akakichukua kitenge kama mtu anayepokea nepi.

Kitambaa kikashuka.
Nyanzobe akawa ameshapiga hatua nne
na wale watano bado wameinama,
masikio wazi, wanaungoja mlio usiokuja.
Uwanja wote ukaguna.
Nami, Mungu anisamehe, nilicheka.

"Zimeharibika! Zirudiwe!"
Ikabidi nikimbie hadi mwisho wa mistari kumrudisha,
maana nani angemwita?
Alikuwa amekwishavuka kamba, mikono juu, bingwa wa mbio za mtu mmoja.
Nikamweleza. Akanikatalia kwa mabega. Akarudi.

Mara ya pili wote sita walikodoa macho,
shingo zimegeukia kitambaa cha njano,
na kwa pumzi moja, ndefu,
uwanja mzima ulikuwa kiziwi.

Akawa wa tatu.

Alipiga mchanga teke. Alikataa maji.
Nami nikaitazama ile hasira kwa furaha niliyoificha vibaya:
ilikuwa hasira ya mtu aliyeshindwa kwa miguu.

Kisha akamwendea Kaombwe, akamkagua juu hadi chini,
akafanya ishara fupi kwenye pua, mara mbili, akaondoka.
"Amesema nini huyu mtoto?"
"Amekupa jina, Mwalimu."
"Maana yake?"
Nilikunja kitenge polepole.
Nikamwambia ni la heshima.