Uso wa Saa ya Muhenna

Ruwi, nyuma ya maduka ya vitambaa,
Koya kajibanika lenzi jichoni kama kizibo.
Kaifungua saa ya baba kwa kisu chembamba,
kapuliza, kanyamaza,
kisha kwa Kiarabu chake cha Malabari:
"Dada, huu uso umeungua."

Umeungua kweli. Ulikuwa mweusi,
mweusi wa wanja, nimeuona pichani.
Sasa una rangi ya halua iliyokaa motoni mno,
na pembeni umefanya nyufa
kama tope la wadi siku ya tatu baada ya mvua.
Vidoto vilivyokuwa vikiwaka usiku vimekuwa samli.
Na tarakimu ya tano,
ambayo nyumbani kwetu ni kumi na moja,
imeliwa na kutu. Haipo.

Kaka yangu Azzan anasema ipakwe upya:
"Kutu ni kutu, haina ukoo."
Ghanim wa Doha kapiga simu mara tatu:
usiguse, usifute, hata kwa pamba!
Atatoa mara tatu ya bei ya iliyo safi.
"Jua limeipika," anasema, na sauti inamlegea.
"Ila niandikie hadithi yake.
Doa bila hadithi ni uchafu."

Hadithi gani?
Baba aliendesha tangi la maji, Fahud.
Mkono ukimtoka vipele kwa jasho,
basi saa akaitundika mbele ya usukani, uso juu,
miaka kumi na sita ya jua la saa saba mchana.
Kahawia ndiyo hiyo.
Na kutu? Mwaka baba alipotaka kuiuza anunue mbuzi,
mama aliificha kwenye kopo la achari ya ndimu
lisilooshwa vizuri,
akaisahau hadi Idi.

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.
Hii ilipata maji, ikapata na ndimu,
ndipo bei ikaanza kupanda.
Tuliambiwa kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Sasa naona kidonda chenyewe ndicho kinyemi,
mradi kiwe cha zamani,
mradi kiwe cha mtu mwingine.

Koya akavuta droo, akatoa mbili, zote kahawia.
"Moja ya jua. Moja ya oveni, dakika arobaini.
Kuna jamaa Sharja anazichoma kama mikate ya mofa."
Nikazigeuza. Nikachagua iliyo nzuri zaidi.
Ilikuwa ya oveni.

Nikaona haya, kama niliyemwamkia mgeni
nikidhani ni shangazi.
Basi nisijidanganye.
Ile kahawia naipenda; ningeitazama
hata mkononi mwa nisiyemjua.
Nyufa, nusunusu.
Kutu siipendi. Azzan kasema kweli,
ila ukweli wake haunipi rangi ya kupaka.

"Tia mafuta," nikamwambia Koya. "Uso uache."
"Na kioo?"
"Kioo kibadilishe."
Riali tatu na baisa mia tano.
"Itachelewa dakika nne kila siku," akaonya,
"usije kunigombeza."

Jioni simu ya Ghanim ikaita juu ya meza,
ikatetemeka hadi ukingoni, ikanyamaza.
Mama kaishika saa mbali na macho, hana miwani.
Akrabu fupi imeangukia pale pasipo na kitu.
"Kumi na moja," akasema. "Teleka chai."