Sikio la Kushoto

Sikio la kushoto la Bogumiła limekufa
tangu usiku ule wa Łódź, spika ilipopasuka
naye asiweke gitaa chini.

Mamake alikuwa mfumaji kiwandani.
Alisoma midomo; mitambo haikumwachia
cha kusikia.
Binti alirithi kelele, akazifanya mtaji.

Nyuzi tatu tu. Wa nne ulikatika, na hela hazikuwepo.
"Mwanamke hapigi hivyo," akaambiwa na fundi sauti.
Akapiga hivyohivyo.

Walipopitisha ile sheria ya matumbo yetu
alipanda juu ya pipa la taka mbele ya mahakama,
theluji ikimwingia butini,
akalipaza jina la Wiesia, dada yake,
aliyeachwa wodini wakitazamana madaktari
hata homa ikammaliza.
Siku mbili rumande.
Alitoka na pengo kinywani
na ubeti mpya.

Leo ana sitini na mmoja.
Mchana anabadilisha zipu za makoti ya watu;
jioni wasichana wanashuka ngazi za ghala,
vidole bado laini,
wanauliza waanzie wapi.

Anawageuzia sikio lililokufa.
"Pigeni," asema,
"mpaka huku kusikie."