Kitalu cha Mjomba Mihambo

Nilichota udongo mara mbili.
Kijiko kimoja msituni, chini ya mninga,
mjomba anapotundika mizinga yake;
kingine kitaluni, hapa Sikonge,
anaposia mbegu za tumbaku
na kuzifunika nailoni kila msimu,
nailoni ambayo jua huila kingo
ikawa ukoko, ikawa unga,
ikawa kitu ambacho jembe halikioni.

"Unapeleka wapi udongo wangu?"
Mjini Tabora, nikasema, nikauangalie.
Akacheka. "Udongo hauna homa, Nyamizi.
Niangalie huu mguu."

Kidonda cha jembe, wiki ya tano.
Alikwisha kukinyunyizia
unga wa vidonge vya rangi mbili
kutoka duka la Shija, nusu dozi,
maana nusu ndiyo hela aliyokuwa nayo.

*

Maabara yetu ina dirisha moja na feni isiyozunguka.
Nikapanda udongo kwenye sahani za kioo
kama mtu anayesia mchicha gizani.
Siku ya sita wakajitokeza:
madoa makavu, meupe, kama chokaa iliyodondoka.
Hao ndio waganga wa chini,
hawana mkoba wala tunguri,
wanapika dawa kwa ugomvi wao wenyewe
wala si kwa ajili yetu.
Kidonge cha rangi mbili kimetoka ukoo huo.
Tulikichukua kama tunavyochukua asali:
mwenye mzinga hakuulizwa.

Wa msituni alikuwa amejizungushia pete,
uwanja mtupu, umefagiwa,
adui hajathubutu kuukanyaga.
Wa kitaluni naye alikuwa na pete.
Nyembamba. Ya kidole cha mtoto.
Nikaweka rula: milimita kumi na nne; milimita tano.
Nikapima tena, maana mkono wangu
ulishaanza kutaka jibu.
Tano.

Kwenye hadubini nikaona sababu, au nikadhani nimeiona:
nyuzi zake zimejikunja juu ya chembe ya buluu,
buluu ya kiroba cha mbolea,
kama kuku anayeatamia kokoto.
Na juu ya chembe ileile, bega kwa bega,
wale aliopaswa kuwafukuza
wamepata baraza, wameketi,
wanafundishana kuizoea dawa.

Sisemi nimethibitisha.
Sahani zilikuwa kumi na mbili,
mbili zikaota ukungu,
na Jumanne umeme ulikatika tangu asubuhi.

*

Udongo upatize ungali maji, mama alizoea kusema.
Sawa. Na huu je, ambao maji yanapita
na buluu inabaki?
Rambo zilipigwa marufuku, zikatoweka dukani.
Shambani hazikusikia tangazo.

*

Nilirudi Novemba, siku ya mvua ya kwanza.
Sikumweleza habari za pete.
Nilimwambia hili tu: ile harufu, mjomba,
ile inayopanda vumbi likilowa,
ile inayokufanya utafute jembe kabla hujanywa uji,
wanaitoa wao, wale weupe, waganga wa chini.

Akanyamaza. Akasogea mlangoni
akiburuta mguu uliofungwa kipande cha kitenge,
akainua pua kama mbwa wa mwindaji.
"Zamani," akasema, "ilikuwa inafika kabla ya wingu."
Kisha: "Wewe unaisikia?"

Nikavuta pumzi kwa nguvu zote.
Nilikuwa na mafua.

Matone yakapiga bati, yakapiga ndoo,
yakapiga vipande vya nailoni pale kitaluni, tap tap,
sauti isiyofanana na ya udongo unaokunywa.
Na ndani, chini ya kitanda chake,
bunda jipya, halijafunguliwa,
la msimu ujao,
chama kimeshaliandika kwenye deni.