Tone Moja

Lilikaa Shangani chini ya turubai miaka sita,
tangu gesi ilipopoa na mhandisi akafunga mabegi.
Paka walizalia kwenye kiti cha abiria.
Mlinzi alikuwa anaanika shati lake
kwenye kioo cha pembeni.

Nilitoa milioni nne na laki mbili,
fedha za korosho za mama, shamba la Nanguruwe, malipo ya pili.
Dada yangu Esha alisema, ungenunua kiwanja.
Mwanangu akasema, ungenunua Noah, mama, ipakie watu.
Hili lina viti viwili.
Jekundu, au lilikuwa jekundu;
chumvi ya bahari imezila kingo za milango
kama panya: inauma, inapuliza.

Siku ya kwanza nilifungua boneti mbele ya wanaume wa kijiweni,
nikakuta tairi la akiba na kiota.
Wakaangua kicheko. Nesi, umeuziwa gari halina injini!
Nikacheka nao.
Nami sikujua kwamba imekaa mgongoni.

Fundi Nalinga wa Chikongola hakucheka.
Alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kidole
kama anayechagua tikiti sokoni,
akasema: Hili si bovu. Hili limesusa.

Tukaanza na plagi. Halafu rejeta. Halafu tanki,
tuliloliosha mara tatu na bado likatema kutu.
Mkanda wa taimingi ulikuja na basi kutoka Dar,
umefungwa kwenye gazeti, mrefu mno. Ukarudi.
Ukaja mwingine, mfupi. Ukarudi.
Konda akaanza kuniita shemeji.

Nilijifunza kwamba nati haitaki hasira:
kaza mpaka ikatae, kisha robo, basi.
Nilijifunza kwamba mkono wa mkunga hupita
pale mkono wa fundi unapokwama.
Kulikuwa na kagongo fulani, tk, tk, kila likiamka.
Nalinga akaweka mpini wa bisibisi sikioni,
ncha kwenye injini, akafumba macho.
Ngoja, nikamwambia.
Nikatoa mkobani kile kipembe cha mti
ninachosikilizia mapigo ya watoto kule Ligula,
mwaka wa ishirini na tatu huu,
nikakiegemeza juu ya kifuniko cha valvu.
Silinda ya tatu, nikasema.
Alinitazama kama nimemtajia jina la utotoni.

Ilikuwa ya pili.
Lakini tangu siku ile ananipa spana bila kuombwa.

Taa zake huchomoza kama macho ya chura.
Ya kushoto inagoma.
Basi nikienda zamu ya usiku linakonyeza mtaa mzima:
wauza pweza, bodaboda,
ustadhi anayewahi isha.
Ameniomba nilikanye.
Nimemjibu kwamba kidude chake kiko njiani, kwenye basi.

Spidi? Nani kataja spidi.
Kuna tochi Mikindani: hamsini, mama, hamsini.
Kuna matuta, na tumbo lake liko chini,
kila tuta nalivuka kwa mshazari, taratibu,
nimebana pumzi kana kwamba nasukuma machela.
Mara moja tu, Jumapili, lami imeoshwa na mvua,
tumeipita Mpapura, nikalikanyaga.
Sikupiga kelele. Sauti yote ilikuwa nyuma ya shingo yangu
kama mtu aliyeningoja muda mrefu aniambie jambo.
Nina miaka hamsini na mmoja.
Kilomita mbili, labda na nusu. Kisha mbuzi.

Esha bado anauliza lina faida gani.
Sina jibu la kumtosha dada mkubwa.
Asubuhi, kabla ya chai, nainama uani na kanga yangu,
shavu karibu na saruji, nachungulia chini yake,
nahesabu oili.
Juzi yalikuwa matano. Jana matatu.
Leo tone moja, jeusi, duara, limetulia.

Sijalifuta.