Jumapili za Noah Nyeupe

Niliinunua mwezi wa tano, kwa pesa za parachichi za misimu minne,
Noah nyeupe, kutu kidogo chini ya milango.
Chumvi hiyo, alisema fundi Ambakisye,
huko ilikotoka humwaga chumvi barabarani magari yasiteleze.
Huko ni Aomori, mji wa kaskazini, Japani ya baridi.
Jina nililipata kwenye stika ya kioo cha nyuma:
kijana wa fotokopi pale Mwanjelwa
aliipiga picha, akanisomea kwa simu yake.

Kila nikiwasha, inasema.
Sauti ya mwanamke, laini, sentensi moja ndefu.
Shangazi Tusekile, kiti cha mbele, mkoba mapajani,
huijibu: "Ndaga, mwanangu. Na wewe umeamkaje?"

Kwenye skrini hakuna Mbalizi. Hakuna Songwe wala Vwawa.
Kuna kishale chekundu katikati ya weupe mtupu,
na kishale kinakwenda.

Jumapili ya kwanza tulikwenda Mbozi, kwenye Kimondo.
Shangazi alikizunguka mara tatu, akakigonga kwa pete.
"Hiki kimetoka mbali kuliko gari lako," akasema,
"na hakikulipiwa ushuru."
Mlinzi alicheka hadi akasahau kuturudishia chenji.

Nilipofungua droo ya dashibodi kuweka stakabadhi
nikakuta nyingine imetangulia:
karatasi ngumu, upana wa vidole viwili, imetobolewa pembeni,
picha ya ziwa la buluu ndani ya kikombe cha milima.
Maandishi siyajui. Ziwa nalijua.

Basi Jumapili iliyofuata tukapinda Uyole, tukapanda kwenda Ngozi.
Magoti ya shangazi yalikataa kabla ya msitu.
Akabaki na gari. Nikapanda peke yangu, nikishika mizizi,
mianzi ikinidondoshea maji shingoni,
mpaka ukingoni, na kule chini kabisa
kijani kizito, kimya,
maji yasiyo na mlango wa kutokea.
Nikatoa ile tiketi, nikaiinua mbele ya jicho.
Havikufanana sana.
Kidogo tu, upande wa kushoto.

Niliporudi nilimkuta akiwasha, akizima, akiwasha, akizima.
"Nataka nijue anasema nini huyu.
Nadhani anasema: funga mkanda, mama, njia ni ndefu."

Miaka sabini na nne amekaa Mbeya,
Loleza akiutazama kila asubuhi kama jirani wa ng'ambo,
akiwauzia ndizi watu waliokuwa safarini.
Hakuwahi kupanda gari bila sababu:
msiba, hospitali, harusi, mzigo.
"Leo tunakwenda kufanya nini?" huniuliza.
"Kutazama."
"Kutazama, halafu?"
"Halafu kurudi."
Hunitazama kama mtu aliyepewa chenji nyingi mno.

Mwezi wa saba, Kitulo.
Nilimwahidi maua. Sikuuliza mtu, nilijidai najua.
Maua ni ya mvua; sisi tulifika alfajiri ya kipupwe,
uwanda wote umeganda,
nyasi zinavunjika chini ya tairi kama biskuti.
Hapo ikawaka taa ambayo sijawahi kuiona,
chembe ndogo ya buluu yenye ncha sita,
na yule mwanamke akasema kitu kipya, kifupi, haraka haraka.
Shangazi hakumjibu.
Aliipapasa dashibodi taratibu, kama ng'ombe aliyezaa usiku.
"Imepajua," akasema.

Nje weupe, kwenye skrini weupe.
Kwa mara ya kwanza ramani haikukosea.

Tulikula viazi vya kuchemsha, milango imefungwa,
chai ya chupa ikivitia vioo ukungu.
Nikamwomba radhi kwa maua.
Akasema maua hayakimbii.
Kisha jua likapanda, taa ikazimika,
na njia nzima ya kuteremkia Isyonje
viazi vilivyobaki vilibingirika nyuma kila kona,
naye akihesabu Jumapili zilizobaki kabla ya mvua,
vidole vikaisha,
akaanza upya.